Jiwe la kijani lenye punje nyekundu kutoka Ismani: hiyo miaka bilioni 2 wanaipimaje?

Mwalimu_Ismani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari ya kata huku Ismani, Iringa. Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu kaja darasani na jiwe aliloliokota kilimani anakochungia mbuzi wa bibi yake. Ukubwa wake kama ngumi ya mtu mzima, ila ukilipokea mkono unashuka. Nilidhani lina chuma ndani. Rangi yake kijani iliyokolea kuelekea weusi, na limejaa punje nyekundu za mviringo, ndogo kama mtama, kubwa kama harage. Baadhi ya punje zimezungukwa na mduara mweupe, kama mtu kazichorea kwa chaki.

Wazee wa huku wanakumbuka wazungu pamoja na wataalamu wetu waliokuja na nyundo miaka ya nyuma wakashinda kwenye kilima cha Yalumba. Wanasema waliambiwa mawe yale yana miaka bilioni 2, na kwamba yaliwahi kushuka chini zaidi ya kilomita 60 kisha yakarudi juu. Darasa likanigeuzia kibao. Nani alikuwepo akahesabu? Kilomita 60 alizipima nani, wakati hata migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini inaishia kilomita 4 hivi? Nikazungusha maneno mpaka kengele ikalia.

Kinachonichanganya zaidi, kitabu kimoja nilichonacho kinasema miamba ya Ukanda wa Msumbiji, unaopita mashariki mwa Tanzania, ina miaka milioni 600 hivi. Sasa tushike lipi? Na ni kweli kwamba haya ya kwetu ndiyo makongwe kuliko yote duniani ya aina yake? Naomba majibu ya kueleweka, maana Jumatatu nina kipindi nao.

Fundi_Hadubini

Mwalimu, pole na kazi. Mimi si daktari wa jiolojia. Nilikuwa fundi wa maabara ya mawe miaka 22 kabla ya kustaafu: kukata, kusaga, kuosha, kuchambua punje. Kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa mikono, na wenye vyeti watanisahihisha.

Kwa maelezo yako hilo jiwe lina kila dalili ya eklojaiti. Jina alilitoa Mfaransa Haüy mwaka 1822 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchagua, maana aliona madini yake yamekaa pamoja kama yaliyoteuliwa. Nyekundu ni garneti. Kijani ni omfasaiti, aina ya piroksini (kundi la madini ya rangi iliyokolea) iliyojaa sodiamu. Cha ajabu ni kile kisichokuwemo: feldispa, yale madini meupe ambayo yamo karibu katika kila jiwe unalolikanyaga kutoka hapo mpaka Dodoma.

Zamani jiwe lako lilikuwa basalti, mwamba mweusi wa volkano, au ndugu yake, na feldispa ilikuwemo tele. Mawe ya Yalumba yalipochambuliwa kikemia, mchanganyiko wake ulionekana kufanana na basalti inayotoka kwenye sakafu ya bahari. Feldispa ni madini yenye nafasi ndani yake, hayajashonana. Ukiyabana sana hayavumilii: sodiamu inahamia kwenye piroksini na kuifanya kijani, kalsiamu na alumini zinakwenda kwenye garneti, na kila kitu kinajipanga upya katika ujazo mdogo zaidi. Ndiyo maana mkono wako ulishuka. Uzito ni ule ule, umebanwa mahali padogo.

Kuhusu kilomita 60, hakuna aliyechimba. Kiasi cha sodiamu kinachoingia kwenye ile piroksini kinategemea mgandamizo, na jinsi chuma na magnesi zinavyogawana kati ya garneti na piroksini kunategemea joto. Hayo yamejaribiwa maabara, unga wa mawe unafungiwa kwenye mashine, unabanwa na kuokwa, kisha wanaangalia kimeota nini. Mpimaji anachukua kipande cha jiwe lako chenye unene wa milimita 0.03, mwanga unapita ndani yake kama kwenye karatasi ya mafuta, anapima kemia ya punje moja moja, halafu anarudi kwenye hesabu. Yalumba ilitoa karibu kilobari 18 na nyuzi 750 za Selsiasi. Kilobari moja ni kama kubebeshwa mwamba wa kilomita 3 na nusu. Zidisha mwenyewe ubaoni mbele ya wanafunzi, watafurahi.

Sasa umri. Kuna madini yanaitwa zirkoni, punje ndogo hata za sehemu ya kumi ya milimita, ambazo kwa jicho tupu ni vumbi. Zirkoni inapoota hukaribisha urani ndani yake lakini risasi haiitaki, haienei kwenye nafasi zake. Urani nayo huoza polepole ikawa risasi. Kwa hiyo risasi utakayoikuta ndani imezaliwa humo humo. Tena urani zipo mbili: ile ya 238 hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.47, na ile ya 235 hupungua nusu kwa miaka milioni 704. Ni saa mbili katika punje moja, na zikisema muda mmoja unaanza kuamini.

Tunazipataje? Kama wachimbaji wadogo wanavyotafuta dhahabu. Jiwe linasagwa, linachekechwa, linaoshwa kwa maji kama kwenye karai mpaka vyepesi viondoke, sumaku inaondoa vya chuma, kisha kimiminika kizito ambacho kwarzi inaelea na zirkoni inazama. Kinachobaki unakimwaga kwenye kisahani chini ya hadubini, unachambua punje moja moja kwa ncha ya sindano. Mama yangu aliponiuliza kazi yangu ni nini nilimwambia nachambua mchele, ila mchele wenyewe siuoni. Basalti zina zirkoni chache sana, na eklojaiti ni basalti iliyopata shida. Nimewahi kusaga mfuko mzima nikapata punje kumi na nne.

Hapa sasa, Mwalimu, naomba utulie, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza, wakiwemo wenye digrii. Kilomita 60 zimeandikwa kwenye garneti na omfasaiti. Miaka bilioni 2 imeandikwa kwenye zirkoni. Ni mashahidi wawili tofauti. Mmoja anajua mahali lakini hajui siku, mwingine anajua siku lakini hajui mahali. Kabla hujasema "jiwe hili lilikuwa kilomita 60 miaka bilioni 2 iliyopita" lazima uthibitishe kwamba mashahidi hawa walikuwa pamoja siku ya tukio. Zirkoni inaweza kuwa ilikuwemo tangu basalti inapoa. Inaweza pia kuwa imeota baadaye, jiwe likiwa njiani kurudi juu.

Njia za kuwaunganisha zipo. Ukikuta ndani ya zirkoni kumenaswa kipunje cha garneti au omfasaiti, basi zirkoni iliota wakati hayo yapo. Njia nyingine ni kuangalia zile metali adimu. Nzito kati yake, kama iterbiamu na lutetiamu, hupendwa mno na garneti. Zirkoni iliyoota pembeni ya garneti hukuta mwenzake kashamaliza, kama mtoto wa mwisho mezani. Yuropiamu nayo hupendwa na feldispa. Zirkoni yenye upungufu wa metali nzito lakini isiyopungukiwa yuropiamu inakwambia: nilipoota garneti ilikuwepo na feldispa haikuwepo. Hiyo ndiyo eklojaiti.

Yalumba ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1995 na Möller, Appel, Mezger na Schenk, walioonyesha kwamba mgandamizo ule ni wa karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Mwaka 2004 Collins, Reddy, Buchan na Mruma wakarudi na zirkoni zilizopimwa doa kwa doa, kila doa likiwa dogo kuliko upana wa unywele, wakapata umri ule ule na kuonyesha kwamba safari ya kurudi juu ilianza mapema, ndani ya miaka milioni michache. Huyo Mruma ndiye Profesa Abdulkarim Mruma mnayemkumbuka kwa kamati ya makinikia ya 2017, iliyochunguza mchanga wa madini uliokuwa kwenye makontena. Wengi hawajui kwamba kabla ya makontena alishaumaliza ujana wake kwenye mawe ya huko kwenu. Tasnifu yake ya 1989 ilihusu ukanda wa Usagara, ndio ukanda wa miamba yenye mawe ya Yalumba. (Jina Usagara lilichukuliwa la Wasagara, ila jiwe maarufu kuliko yote likaonekana kwa Wahehe. Wanajiolojia hawajui mipaka ya watani.)

Vidole vimechoka. La milioni 600 nitarudi.

Nyundo_na_Dira

Fundi, heshima yako. Ila umeacha mlango wazi. Kama punje ni chache hivyo, tutajuaje hazikutoka kwenye jiwe lingine humo humo maabara? Na hiyo saa haiwezi kuharibika jiwe likichemshwa tena baadaye?

Fundi_Hadubini

Umenikamata pabaya, maana la kwanza limenikuta mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilisaga sampuli ya kijana mmoja wa shahada ya pili, jiwe kama hili. Siku iliyotangulia nilikuwa nimesaga granaiti ya huko kanda ya ziwa. Chekeche niliipiga brashi, nikaigongagonga, nikaona inatosha. Punje zikapelekwa nje kupimwa. Majibu yakarudi: chache zina miaka bilioni 2, na tatu zina bilioni 2.6 na ushei. Kijana akafurahi, akaandika kurasa nzima kuhusu ganda la kale lililofichika chini ya Usagara. Mimi nikalala vibaya siku nne. Siku ya tano nikachukua ile chekeche, nikaiweka chini ya hadubini, na kwenye kona ya wavu nikakuta zirkoni mbili zimekwama, za rangi ile ile ya waridi kama za granaiti ya juzi yake. Nikaenda kumwambia. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Kurasa zikafutwa. Tangu hapo kila jiwe nililisagia wavu mpya wa nailoni, ukitumika unachomwa, na kwarzi tupu inasagwa kwanza kusafisha mashine.

La pili, ndiyo, saa huharibika. Risasi ikivuja kutoka kwenye zirkoni, zile saa mbili zinaacha kukubaliana, na mpimaji anaona. Ndiyo faida ya kuwa na mbili. Madini mengine yana saa zinazoanza kuhesabu kwenye joto la chini zaidi: rutili hushika kwenye nyuzi mia tano au sita hivi, hornblendi kwa saa ya potasiamu na agoni karibu na 500, ulanga mweusi karibu na 300. Hizo hazikwambii lini jiwe lilibanwa. Zinakwambia lini lilipoa hadi hapo. Ukizipanga pamoja unapata safari ya kurudi, kituo kwa kituo, kama tiketi za basi kwenye mfuko wa shati.

Na mfano wa ugomvi mkubwa, kama mnapenda ugomvi. Kule Urusi, karibu na Bahari Nyeupe, kuna eklojaiti za ukanda wa Belomoria. Watafiti wengine walisema zirkoni zake zinaonyesha miaka bilioni 2.7 hadi 2.87, yaani eklojaiti kongwe mno, kuliko za Yalumba. Wengine wakasema hapana, hizo zirkoni ni za mwamba wa asili, mgandamizo ulikuja baadaye. Mwaka 2012 Herwartz na wenzake wakaipima garneti yenyewe kwa saa ya lutetiamu na hafniamu, maana lutetiamu huoza polepole ikawa hafniamu. Si nimesema garneti hupenda lutetiamu? Basi hapo shahidi wa mahali ndiye anayetaja na siku, hakuna haja ya kuunganisha wawili. Garneti ikasema bilioni 1.9. Wapo ambao bado hawajakubali, na mawe ya Urusi yana mikunjo mingi ya historia, lakini mimi kwa upande wangu garneti ikisema nasikiliza.

Sasa milioni 600, Mwalimu. Kitabu chako hakijakosea. Panda basi la Iringa kwenda Morogoro: ukishateremka Kitonga na kupita Mikumi, ile Uluguru unayoiona kulia ni granulaiti, nayo ilipikwa ndani kabisa ya ganda la dunia miaka milioni 640 au 620 hivi iliyopita, pamoja na za Pare na Usambara. Ni tukio jingine kabisa, mabara yalipogongana. Holmes alipoupa Ukanda wa Msumbiji jina mwaka 1951 aliuona kama kitu kimoja kirefu. Baadaye ikaonekana kwamba upande wa magharibi, kwenu, mawe ya bilioni 2 yalibaki na kumbukumbu yao, na kadiri unavyokwenda mashariki ndivyo moto wa pili ulivyofuta ule wa kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza "umri wa mwamba huu ni upi?", mrudishie swali: umri wa nini chake?

Mkasai_wa_Lushi

Jambo kwenu bote. Mie niko Lubumbashi, Kiswahili yangu ni ya huku, musinicheke.

Fundi, umesahau jirani. Kule kwetu Kasai kuko eklojaiti ya miaka karibu bilioni 2.1, ilitangazwa mwaka 2018 na François na wenzake. Ni kongwe kidogo kupita ya Yalumba. Lakini si umri tu. Ile ya Kasai ilibanwa kilobari 17 mpaka 23, na joto ilikuwa nyuzi 500 mpaka 550 tu. Fanya hesabu: Yalumba, nyuzi 750 gawa kwa kilomita 63, ni kama nyuzi 12 kila kilomita. Kasai ni kama 8. Ile ni baridi, na baridi namna hiyo unaipata pale sahani ya bahari inazama mbiombio chini ya bara, joto haijapata wakati ya kuingia ndani, sawa na leo kule Japani. Ndiyo maana watu walishituka: inaonyesha kama dunia ilikuwa inafanya vile tangu zamani ile.

Kwa hiyo mwalimu, ukiambia batoto "ya kwetu ndiyo ya kwanza dunia nzima", mutoto wa Kasai atanyoosha mukono.

Fundi_Hadubini

Ndugu wa Lubumbashi, sikusahau, nilikuwa naogopa ushabiki. Hesabu yako iko sawa. Mwalimu, sema "miongoni mwa makongwe yanayojulikana" ulale usingizi.

Dalali_wa_Vito

Nimesoma yote mpaka mwisho nikisubiri bei. Niko Arusha, nina wateja wa garneti. Hizo nyekundu zinauzika?

Fundi_Hadubini

Haziuziki, kaka. Garneti ya eklojaiti imejaa nyufa na vipunje vya madini mengine ndani, ukiikata inamegeka. Wewe tafuta rodolaiti ya bonde la Umba. Uchafu unaomfukuza mteja wako ndio unaomleta mpimaji: vile vipunje vilinaswa garneti ikiwa inakua, vya katikati vikiwa vya zamani na vya ukingoni vya baadaye. Na ule mduara mweupe aliouona Mwalimu ni feldispa inayorudi. Jiwe likipanda, mgandamizo unalegea, garneti inaanza kuvunjika kuanzia pembeni, ukingo ukibaki mweupe. Likipanda polepole sana garneti yote inaliwa. Likipanda haraka unapata mduara tu.

Mwalimu, kabla ya Jumatatu fanya jambo moja. Omba mzani maabara ya fizikia. Lipime jiwe likining'inia kwa uzi, kisha lipime likiwa limezama kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini. Uzito wa hewani gawanya kwa tofauti ya vipimo viwili. Gnaisi ya kawaida, yaani mwamba wenye mistari, itakupa 2.7 hivi, basalti 2.9 au 3. Eklojaiti nzuri inafika 3.4 na kuendelea, iliyooza itashuka.

Mwalimu_Ismani

Wakuu, ahsanteni sana. Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika.

Nimelipima leo mchana, na nusu ya darasa wamesimama juu ya madawati wanaangalia. Hewani gramu 612. Majini 432. Tofauti 180. Ubaoni ikatoka 3.4, darasa likapiga kelele mpaka mkuu wa shule akaja mlangoni. Tukapima na kipande cha gnaisi cha ukuta wa choo: 2.7 kamili.

Aliyelileta jiwe, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akanyoosha mkono. Anasema kilimani pale yako mengi, lakini yale ya bondeni karibu na korongo ni meusi tu, punje nyekundu hazimo, pamebaki madoa meupe ya duara kama macho. Nikakumbuka maneno ya Fundi kuhusu garneti inayoliwa yote. Fundi, Jumamosi nikienda naye nikakuletea picha za hayo madoa, utaziangalia?

Fundi_Hadubini

Niletee. Weka sarafu pembeni ya jiwe ili nijue ukubwa, na vunja kidogo upate uso mpya, wa nje umeliwa na jua. Mwambie kijana asilete mfuko mzima, jiwe moja la kila aina linatosha, na aandike kwa kalamu juu ya jiwe lenyewe alikolitoa. Karatasi hupotea.